Damu Imeganda

Hospitalini, wodi ya wanaume
Jumatatu, tarehe 4 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sikuulizi kama u mzima, kwa sababu kondakta aliyeniletea mzigo wako amesema ulimfokea mpaka akasahau kudai nauli ya mfuko. Mgonjwa hafoki hivyo. Huku simu yangu imeibwa kwenye foleni ya dirisha la dawa, na mwizi alikuwa na adabu zake, aliniomba nimpishe kidogo. Kwa hiyo tumerudi kwenye barua. Kwako si hasara, maana tangu masikio yako yastaafu, simu yako kazi yake ni kuzuia mlango usijifunge.

Baba yuko kwenye foleni ya ini. Ndiyo, ini nalo lina foleni. Lake limechakaa mpaka halifai kutengenezwa, na yeye amelikubali jambo hilo haraka kuliko mimi. Alimwambia mpasuaji, "Mimi ni fundi redio. Najua kuna kifaa cha kurekebisha na kuna kifaa cha kubadilisha." Likipatikana ini la mtu aliyefariki, ambaye ndugu zake wamekubali litolewe, Baba ataitwa saa hiyohiyo. Inaweza kuwa kesho, inaweza kuwa mwezi ujao. Ngozi imekuwa ya manjano, tumbo limejaa maji, lakini mdomo mzima. Jana alimkosoa nesi kwa namna alivyoshika redio.

Leo tumekutana na daktari wa usingizi. Usidhani kazi yake ni kulaza watu tu. Mpasuaji anakata na kushona, na huyu ndiye anayehakikisha anayeshonwa yuko hai: anaangalia mapigo, pumzi na damu tangu mwanzo mpaka mwisho. Ni mama mfupi mwenye sauti ya chini, amevaa kofia ya kitambaa cha maua. Ameniambia upasuaji wa ini huvuja damu sana. Nikamwambia asiwe na shaka, nina shangazi atakayejaza basi zima la watu wa kutoa damu. Akacheka, akasema waje wote, benki ya damu ina njaa kila siku. Ila akaongeza jambo ambalo linanizunguka kichwani tangu hapo. Hatampa Baba damu kwa kukisia. Ana mashine inayoonyesha jinsi damu inavyoganda, na atamwongezea kile tu kilichopungua. Mashine isipoonyesha upungufu, hatoi kitu, hata mpasuaji akipiga kelele.

Nimekuandikia ili usilisikie kwa mtu mwingine ukaja huku na mkasi. Mimi nimemwamini. Labda ni kwa sababu alipoingia hakumwita Baba "mgonjwa wa kitanda cha dirishani." Alimwuliza anapenda kuitwa nani.

Mwanao,
Chiriku


Duka la kushona, nyuma ya stendi
Jumatano, tarehe 6 Machi

Chiriku,

Marahaba. Kondakta ni mwongo, nauli alidai, nami nikamlipa kwa kumbadilishia zipu.

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nimesimama. Hatampa damu kwa kukisia! Nyumba ikiwaka moto, kuna mtu anayepima kwanza joto? Mtu anavuja, na wewe unangoja mashine ikupe ruhusa?

Mimi kazi yangu nilishaimaliza. Mafundi wa safu yetu wote wamejiandikisha kutoa damu. Muuza nyama ametoa gari lake liwapeleke, na anasema achukuliwe yeye hata mara mbili, kwa kuwa anayo ya ziada. Mwenye duka la vifungo alizimia alipoona picha ya sindano ukutani, kabla hata hajaulizwa umri, lakini nia ameionyesha. Sasa nihangaike hivyo, halafu chupa zangu ziwekwe kabatini kama sahani za wageni?

Unajua bibi yako alivyokufa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliumwa nikiwa msichana mdogo. Huyo mama wa kofia ya maua nimemwandikia mwenyewe, barua iko ndani ya hii. Mpe mkononi, usimpe nesi, manesi wana mifuko mingi.

Mwambie baba yako wateja wake wananisumbua mimi na redio zao. Na mwambie kuumwa si sababu ya kulala bila soksi. Usimwambie kingine.

Shangazi yako


Jumatano hiyohiyo

Kwa Daktari wa Usingizi,

Salamu. Mimi ni dada mkubwa wa fundi redio, mgonjwa wako mwenye ini bovu. Sisikii, kwa hiyo usihangaike kunipigia simu. Niandikie, na uandike herufi kubwa, macho nayo yameanza kuomba likizo.

Naambiwa una mashine. Nami ninayo. Nimeishi na cherehani maisha yangu yote, na ninachokijua kuhusu mashine ni kwamba ikiwa nzima inakusaidia, ikikorofisha inakula kitambaa cha mteja. Umeme ukikatika, yako itasemaje?

Nikueleze kwa nini nauliza. Mama yetu alikufa siku aliyomzaa huyo fundi redio. Mtoto alitoka mzima, damu ikafuata, haikukata. Mimi nilikuwa nimeshika taa. Mkunga alisema angepata chupa mbili za damu angepona, na hapakuwa na hata moja. Nilikunja mkono wa gauni nikamwambia achukue yangu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Akaniambia nimtoe mtoto nje. Nikamtoa nje, na tangu siku hiyo hajanitoka mikononi mpaka mlipomchukua ninyi.

Kwa hiyo watu ninaokuletea, pamoja na muuza nyama ambaye ana damu ya kutosha wodi nzima, si maonyesho. Niambie bila lugha ya hospitali: akivuja, utampa au hutampa?

Fundi cherehani, dada wa mgonjwa


Hospitalini
Jumatatu, tarehe 11 Machi

Mama,

Shikamoo. Herufi kubwa nimejitahidi, ila mwandiko wa madaktari unaujua.

Nianze na jibu. Nitampa. Damu itakuwa chumbani humohumo kwenye jokofu, imeshapimwa na kulinganishwa na yake, tangu kabla kisu hakijamgusa. Akipungukiwa damu hatasubiri mashine wala mtu. Kilichomuua mama yenu ni kwamba damu haikuwepo. Kwangu itakuwepo.

Sasa lile ulilolikasirikia: kwa nini nisimjaze tu tangu mwanzo, tukawa na amani? Ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Ndilo hilohilo linalotengeneza vitu vya kuizuia isigande ovyo. Likichoka, vyote vinapungua pamoja, na mara nyingi mizani inabaki sawa. Vipimo vya kawaida vya maabara vinaangalia upande mmoja tu wa mizani. Vitasema damu ya mdogo wako ni mbovu kabisa, na daktari mwenye hofu atammiminia mifuko ya maji ya damu, yale ya manjano, mmoja baada ya mwingine. Mishipa inajaa, inavimba, na palipokatwa panavuja zaidi kuliko mwanzo. Mapafu yanalowa. Kuna watu wamezama kwa msaada, Mama.

Mashine yangu haina uchawi. Nachukua damu isiyojaza kijiko cha chai, naiweka kwenye kikombe kidogo chenye kijiti katikati, na kijiti kinazunguka taratibu, huku na huku. Damu ikiwa bado maji, kijiti kinacheza kinavyotaka. Ikianza kuganda, inakishika, na kwenye kioo mstari mmoja unafunguka kuwa miwili. Ukichelewa kufunguka, najua kipi kimepungua. Ukifunguka mwembamba, huenda nyuzi hazitoshi, maana damu ina nyuzi zake, ndizo zinazoziba kidonda. Ukifunguka kisha ukajifunga, damu inaganda halafu inayeyuka, na hilo lina dawa yake. Ndani ya dakika kumi nina picha ya kwanza. Maabara ingenijibu baada ya saa nzima, na kwenye kazi hii saa nzima ni umri wa mtu. Sitaki kukufundisha kazi yako, lakini mteja akikuletea gauni lililofumuka, unamwongezea mita tatu za kitambaa?

Nikuambie na ninachokiogopa, kwa sababu umeniuliza kwa uwazi. Siogopi kuvuja tu. Ini jipya linaunganishwa kwa mishipa, na mmoja wao si mnene kuliko mrija wa kalamu. Nikimimina vya kugandisha bila kupima, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa huo, na ini jipya likafa. Kuvuja kunaonekana. Kuganda kwa ndani hakupigi kelele.

Umeme ukikatika kuna jenereta. Jenereta ikigoma kuna betri. Betri ikiisha ninayo macho na mikono, na hivyo nilikuwa navyo kabla ya mashine. Nimefanya kazi hii muda mrefu na ninaijua. Mlete muuza nyama.

Daktari wa Usingizi


Nyuma ya stendi
Alhamisi, tarehe 14 Machi

Daktari,

Marahaba. Nimekuelewa, na sijapenda kwamba nimekuelewa. Gauni likifumuka naongeza uzi, unajua hivyo, umenitegea na nimeingia kwa miguu yangu.

Watu wangu wamerudi kutoka kwenu, wote wazima. Mwenye duka la vifungo amerudi shujaa: hakutolewa hata tone, lakini anatembea na pamba mkononi mpaka leo. Mimi wanafunzi wangu nawafundisha wapime mara mbili ndipo wakate, kwa hiyo siwezi kumgombeza mtu anayefuata sheria yangu mwenyewe. Pima.

Ombi moja. Ikitokea hilo unaloliogopa, damu ikaganda pasipotakiwa, msinizungushe na maneno ya kupamba. Mniambie wazi. Nimeshazoea kuambiwa nimtoe mtoto nje.

Fundi cherehani


Hospitalini
Ijumaa, tarehe 22 Machi, asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Ini lilipatikana jana, Baba akaingizwa mchana. Yamekwisha alfajiri hii. Daktari wa usingizi ametoka ameniambia mwenyewe: damu imeganda. Baba sasa amepumzika. Tumshukuru Mungu. Siwezi kuandika zaidi, basi limeshawashwa. Waambie na wengine.

Chiriku


Nyuma ya stendi
Ijumaa, tarehe 22 Machi, jioni

Chiriku mwanangu,

Pole. Pole sana, mama yangu. Nimeielewa barua yako kabla sijaifungua vizuri. Wewe ambaye hujawahi kuniandikia chini ya ukurasa, leo umeandika mistari ya kuhesabu.

Damu imeganda. Daktari alinionya kwamba hilo ndilo analoliogopa, nami nilimwomba nisizungushwe, na hakunizungusha. Mwambie sina kinyongo naye. Labda nitakuwa nacho wiki ijayo, lakini leo sina.

Viti vimeshakuja. Watu wamejaa mpaka barabarani. Muuza nyama analia kuliko wote, anasema damu yake ndiyo iliyoganda, kwamba ni nzito kwa sababu amekula mafuta tangu utoto. Nimemwambia anyamaze, kisha nikalia naye. Wateja wa redio wamekuja na redio zao wamezizima, wamezishika mapajani. Sijawahi kuona kitu kama hicho.

Mleteni nyumbani. Asizikwe huko kwa watu wasiojua alivyokuwa mbishi. Wewe usifanye jambo lolote peke yako, kaa, kunywa maji, gari la muuza nyama linaondoka kesho kutwa asubuhi kuwafuata.

Nimeweka karatasi nyingine ndani. Ni yake. Msomee kabla hawajafunga jeneza. Usimsomee mtu mwingine.

Shangazi yako


Mdogo wangu,

Umeniacha nigombane na nani?

Nimekufokea maisha yako yote. Nilikufokea ulipokuwa hutaki kula, nilikufokea ulipofungua redio ya kwanza kwenye meza ya chakula, nilikufokea ulipomleta mke, na alikuwa mwanamke mzuri, nilikosea. Nilipewa mtoto nikiwa mtoto. Sikujua njia nyingine ya kumshika mtu asidondoke.

Siku ile mama alipokufa watu walijaa uani, na wanawake wakasema mtoto huyu amemla mama yake. Walisema mbele yangu, nimekubeba. Ulikuwa wa moto. Ulikuwa unatafuta ziwa kwenye gauni langu na mimi sina kitu. Nikawaambia, huyu hajala mtu, huyu ana njaa. Nikaenda kukutafutia maziwa.

Sijui kama uliwahi kuyasikia maneno yale ulipokua. Sikukuuliza, niliogopa ungesema ndiyo. Basi nakuambia sasa. Mimi sikuwahi kukudai mama. Nilipoteza mama, nikapewa wewe, na hakuna siku niliyoamka nikatamani ingekuwa kinyume. Nakupenda. Nilitakiwa kukuambia ulipokuwa na masikio.

Dada yako


Hospitalini
Jumamosi, tarehe 23 Machi, asubuhi

Mama,

Shikamoo. Chiriku anasema amekwisha kukuandikia, lakini nilimwona alivyoandika huku basi likimpigia honi, na nina wasiwasi ameandika nini. Acha nieleze mwenyewe.

Mdogo wako ni mzima. Jana jioni tumemtoa mpira wa kupumulia, na maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba mashine yetu ya mapigo ya moyo ina spika mbovu.

Uliniuliza swali, nikakujibu, sasa nikuonyeshe kama nilisema kweli. Mpaka ini la zamani linatoka, kazi ilikwenda vizuri. Majibu ya maabara yalikuwa ya kutisha, lakini mstari wangu ulifunguka vizuri, kwa hiyo sikumpa kitu. Mpasuaji alinitazama. Nikamwambia ashone. Kisha wakaunganisha ini jipya, wakafungua vibano, damu ikaingia, na ini likageuka kutoka kijivu kuwa jekundu mbele ya macho yetu. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na bado linanisimamisha.

Hapo ndipo akaanza kuvuja. Mshipa mmoja ungefungwa, lakini huu haukuwa mshipa. Alitoka damu kila mahali, kama jasho. Mpasuaji akasema, "Leta mifuko ya njano. Yote." Mifuko ilikuwepo, na msaidizi wangu alikuwa ameshaishika. Nilimwambia aiweke chini tuione picha kwanza. Damu nyekundu nilikuwa nampa huku nangoja, maana hiyo ilikuwa imepungua kweli, na nilikuahidi. Mpasuaji aliniuliza nangoja nini. Nikasema, nangoja kujua. Zilikuwa dakika ndefu, Mama, na nilikufikiria umeshika taa.

Mstari ulifunguka mwembamba, kisha ukaanza kujifunga. Nyuzi zilikuwa chache, na hata kidogo kilichoganda kilikuwa kinayeyuka. Maji ya njano yasingeziba hilo, yangemjaza tu. Nikampa dawa ya kuzuia kuyeyuka, nikampa nyuzi zenyewe, ambazo huja kama unga kwenye kichupa tunauchanganya na maji. Nikapima tena. Mstari ukafunguka mpana, ukakaa. Mpasuaji akaweka kitambaa juu ya kidonda, akakitoa kikavu, akakigeuza kama anayetafuta kasoro. Akasema, "Imeganda." Chumba kizima kikashusha pumzi. Neno hilo ndilo nililomtolea Chiriku pale mlangoni, na sikufikiria kwamba nje ya mlango wetu lina sura nyingine.

Ametumia chupa mbili za damu. Ule mshipa ninaouogopa tumeuangalia asubuhi hii, unapita vizuri. Chupa zenu nyingine zilipanda wodi ya wazazi, ambako mama mmoja aliyejifungua hakuacha kuvuja. Alipewa nne. Yuko hai, ana mtoto wa kike mwenye sauti kubwa.

Siku za kumwangalia bado zipo na sitakuahidi kisicho changu. Lakini nimekwisha kukaa na wagonjwa wengi wa namna hii, na huyu anarudi nyumbani.

Daktari wa Usingizi


Nyuma ya stendi
Jumapili, tarehe 24 Machi

Chiriku,

Marahaba, ingawa leo hujaniamkia.

Barua ya daktari ilinikuta jana jioni katikati ya waombolezaji. Niliisoma kwa sauti, na kiziwi akisoma kwa sauti, stendi nzima inapata habari. Muuza nyama alinibeba juu mimi mtu mzima, akanizungusha mpaka kilemba kikaruka. Redio zote ziliwashwa, kila moja na stesheni yake. Mimi sikusikia kitu, lakini niliona midomo ya watu.

Sasa wewe. Kuna watu duniani wanaoandika "Baba amepona." Maneno mawili, mtoto wa darasa la kwanza anayaweza. Wewe ukaandika yamekwisha, amepumzika, tumshukuru Mungu, waambie na wengine! Ulisomeshwa wapi? Mwenye viti anataka malipo yake. Nimemwambia amdai marehemu.

Ile karatasi ichome. Chiriku, naomba, na unajua mimi siombi. Usimpe. Nilimwandikia maiti, na kwa maiti mtu anasema chochote. Nitamtazamaje usoni?

Shangazi yako


Hospitalini
Jumatano, tarehe 27 Machi

Dada,

Shikamoo. Mwandiko unayumba kwa sababu ya dawa, mimi mwenyewe nimetulia.

Umechelewa. Barua ya kuniomboleza ilifika Jumamosi usiku, na ya kuichoma ikafika Jumatatu. Uliandika "msomee," na Chiriku ni mtoto mtiifu, akavuta kiti akanisomea. Alipofika kwenye jeneza tulicheka mpaka nesi akaja kuangalia mshono. Alipoanza ile karatasi ya pili tukaacha kucheka.

Niliyasikia, Dada. Nilikuwa mdogo, nimejilaza chini ya meza yako ya kushonea, na mteja mmoja akamwambia mwenzake, huyu ndiye yule aliyemla mama yake. Wewe ulikuwa unakanyaga cherehani, hukumsikia. Tangu siku ile kila uliponifokea nilihesabu kwamba ni deni linapunguzwa kidogo kidogo. Ndiyo sababu sikuwahi kukujibu. Mke wangu alikuwa akiniuliza, mbona unanyamaza mbele ya dada yako? Nikamwambia, hujui ninachodaiwa. Nimeoa, nimezaa, nimefiwa, nimezeeka, bado nadhani unanidai mama.

Sasa niache nikujibu, mara moja tu. Ile redio niliifungulia kwenye meza ya chakula kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mwanga. Na mke wangu alikupenda wewe kuliko nilivyostahili.

Kabla ya barua yako nilikuwa nalala hapa nimeweka mkono tumboni, nikiwaza yule mtu ambaye ini lake ninalo. Simjui. Ana watu wake mahali wameketi kwenye viti vya kweli. Nilikuwa najiambia, huyu naye nimemla. Daktari alipita usiku ule Chiriku aliponisomea, akaniona nalia, akauliza kama ni maumivu. Nikamwambia hapana, ni dada yangu. Akasema anamfahamu, akavuta kiti akakaa.

Tangu hapo silali tena na mkono tumboni. Najiambia ulivyowaambia wale wanawake uani. Namwombea yule mtu, namwambia ahsante, halafu nageuka upande mwingine nasinzia.

Leo wameniruhusu kula chakula chenyewe. Sijala mtu, Dada. Nina njaa. Njoo.

Mdogo wako,
Fundi Redio